Deusto: Kijiji kilichomezwa na Bilbao, jina likakwama kooni

Mtalii anayefika Bilbao, kaskazini mwa Hispania, hahitaji kuuliza njia. Hufuata wenzake hadi ukingoni mwa mto, akainua simu na kulipiga picha jumba la makumbusho la Guggenheim, lile lililovikwa mabati ya titani yanayobadilika rangi kila wingu linapopita. Jumba hilo, kazi ya msanifu Frank Gehry, lilifunguliwa Oktoba 1997, na tangu hapo mji uliokuwa ukijulikana kwa moshi na chuma ukawa unatajwa dunia nzima kwa sanaa. Picha zikishapigwa, watu hurudi hotelini. Ni wachache wanaogeuka kutazama ng'ambo.

Ng'ambo hiyo, moja kwa moja mbele ya jumba, kuna jengo refu la mawe lenye madirisha mengi yaliyopangwa kwa nidhamu ya kitawa. Ni chuo kikuu cha Wajesuiti, kilichofunguliwa mwaka 1886, yaani miaka 111 kabla ya Guggenheim. Hakiitwi Chuo Kikuu cha Bilbao. Kinaitwa Chuo Kikuu cha Deusto, kwa sababu mapadri walipojenga hapo walikuwa wamejenga nje ya Bilbao, katika ardhi ya kijiji kilichokuwa na kanisa lake, viongozi wake na mashamba yake.

Hata uwanda uliobeba Guggenheim haukuwa wa Bilbao. Unaitwa Abandoibarra, na kwa Kibaski, lugha ya wenyeji, maana yake ni bonde la Abando. Abando nacho kilikuwa kijiji. Kwa hiyo mtalii yule, popote anapoelekeza kamera yake, anapiga picha udongo wa watu wengine. Bilbao ya asili ni mitaa michache ya zamani iliyobanana kwenye kona ya mto. Sehemu kubwa ya mji unaoonekana leo ilikuwa mali ya majirani.

Makala haya yanamhusu mmoja wa majirani hao, Deusto, na namna alivyoingia tumboni mwa mji bila jina lake kupotea.

Baraza la mbele ya kanisa

Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika habari hii, kwani lugha yake inamrahisishia jambo ambalo wengine hueleza kwa aya nzima. Neno letu baraza lina maana mbili: pale mbele ya nyumba watu wanapoketi, na kikao cha wenye mamlaka ya kuamua. Wabaski wa jimbo la Bizkaia walikuwa na taasisi iliyozaliwa hivyo hivyo. Baada ya misa ya Jumapili wenye nyumba walikusanyika chini ya paa la mbele ya kanisa, wakazungumzia njia, malisho, misitu na ushuru, kisha wakaamua. Kijiji kilichojitawala kwa utaratibu huo kiliitwa kwa Kihispania anteiglesia, yaani mbele ya kanisa, na kwa Kibaski elizate, yaani mlango wa kanisa. Baraza la Deusto lilikuwa mbele ya kanisa la Mtakatifu Petro, San Pedro.

Vijiji hivi havikuwa vitongoji vya mji. Kila kimoja kilipeleka mwakilishi Gernika, chini ya mti wa mwaloni, kwenye mkutano mkuu wa Bizkaia. Huko, kijiji cha wakulima kilikuwa na sauti yake kama ulivyokuwa nayo mji wa wafanyabiashara.

Bilbao ilizaliwa kwa njia tofauti kabisa. Tarehe 15 Juni 1300, Diego López de Haro, Bwana wa Bizkaia, alitoa hati ya kuanzisha mji na kuupa haki za biashara. Ukuta ukajengwa, soko likafunguliwa, meli zikaanza kupanda kutoka baharini kufuata Ría. Hilo ndilo jina ambalo wenyeji huita sehemu ya mwisho ya mto wao, ile inayojaa na kupwa pamoja na bahari. Kuanzia siku ile palikuwa na sheria mbili. Ndani ya mji ilitumika sheria ya ufalme wa Kastilia, na nje yake, mashambani, ilitumika mila ya Bizkaia, iliyokuja kuandikwa upya rasmi mwaka 1526.

Tofauti hiyo ilionekana waziwazi siku ya mirathi. Ndani ya mji watoto waligawana. Katika vijiji, mzazi aliruhusiwa kumteua mtoto mmoja, wa kiume au wa kike, akamwachia nyumba nzima ya shamba, ile inayoitwa baserri, pamoja na zizi, bustani na haki za msituni. Wengine walitengwa kwa kupewa udongo kiasi fulani, uwe mwingi au haba, ilimradi isisemwe kwamba walisahauliwa. Lengo lilikuwa nyumba isipasuliwe vipande. Mrithi mmoja alibeba yote, na ndugu zake wakabaki na udongo wa jina tu.

Tuuweke akilini utaratibu huo, maana baadaye Bilbao nayo itakuwa mrithi wa namna hiyo.

Majirani wa mto mmoja

Mji na vijiji vilitegemeana, lakini havikupendana. Bilbao ilihitaji mboga, maziwa, kuni na mikono ya kazi. Vijiji vilihitaji soko. Wanawake wa Deusto walikwenda mjini na mazao ya bustani zao, na katika karne ya 19 palikuwa na kazi nyingine ya wanawake ukingoni mwa Ría ambayo haikuwa na huruma. Upepo ulipokosekana, meli na mashua zilikokotwa kwa kamba hadi mjini. Wanawake walijifunga kamba hizo kifuani na mabegani, wakatembea ukingoni wakiivuta shehena ya tajiri. Wanaitwa zirgariak kwa Kibaski. Walipita katika ardhi za vijiji vyao, lakini mzigo ulikuwa wa Bilbao.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi. Mto ulipita kwa wote, ila biashara yake ilisimamiwa na mmoja. Tangu mwaka 1511 wafanyabiashara wa Bilbao walikuwa na chama chao chenye mamlaka ya kifalme, Consulado, kilichosimamia usafiri wa majini na mashauri ya biashara. Vijiji vya ukingoni vilizitazama meli zikipita kama maskini anavyotazama harusi kupitia dirishani.

Mwanzoni mwa karne ya 19 vilijaribu kuukata mnyororo huo. Mfalme wa Hispania aliidhinisha kujengwa kwa bandari mpya katika ardhi ya Abando, ng'ambo ya Bilbao, iliyopewa jina la Bandari ya Amani. Aliyeupigania mpango huo ni kiongozi mmoja wa mashambani, Simón Bernardo de Zamácola. Lakini pamoja na bandari likaja suala la kuandikisha vijana wa Bizkaia jeshini, jambo lililogusa haki zao za kale. Agosti 1804 wanavijiji wa Abando, Begoña, Deusto na kwingineko walifanya ghasia kubwa, zinazojulikana hadi leo kwa jina la Zamácola mwenyewe: Zamacolada. Askari wa mfalme walitumwa. Bandari ya Amani ikabaki mchoro mzuri wa msanifu Silvestre Pérez. Kama ingejengwa, huenda leo mji mkuu wa Bizkaia ungeitwa kwa jina lingine.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne hiyo mpaka ule kati ya mji na vijiji ulionekana tena kwa damu. Mji uliwaunga mkono waliberali, na mashambani wengi walikuwa upande wa Wakarlisti, waliotaka kulinda kanisa na mila. Bilbao ilizingirwa mara kadhaa. Walioizingira walipiga kambi kwenye vilima na mashamba ya vijiji jirani, na ni huko Begoña, Juni 1835, ndiko jenerali wao maarufu Zumalacárregui alikopigwa risasi ya mguu iliyosababisha kifo chake. Wakarlisti walishindwa, na tarehe 21 Julai 1876 serikali ya Madrid ikafuta utawala wa kimila wa Bizkaia. Mti wa Gernika ukabaki umesimama, lakini kura ya kijiji chini ya matawi yake ikapoteza nguvu.

Chuma chatafuta nafasi

Mwaka 1856 Mwingereza Henry Bessemer alivumbua njia ya haraka ya kutengeneza chuma cha pua. Njia hiyo ilitaka madini yenye fosforasi kidogo, na milima iliyo magharibi mwa Bilbao ilikuwa na madini ya namna hiyo kwa wingi, tena karibu na bahari. Meli za Uingereza zikaja kwa mamia kuchukua mawe mekundu. Faida iliyobaki ikajenga matanuri ya kuyeyushia chuma, benki, reli na karakana za meli. Watu wakamiminika kutoka mashambani mwa Wabaski na mikoa mingine ya Hispania. Kufikia mwaka 1900 Bilbao ilikuwa na watu wapatao 83,000, nayo ilikuwa imeanza kama kijimji cha mitaa michache.

Mji uliojaa hivyo hauna budi kutanuka, na wa kwanza kulipa gharama alikuwa Abando. Kituo cha reli kilikuwa kimejengwa katika ardhi yake, na uwanda wake ulikuwa ndio pekee mpana na tambarare karibu na mitaa ya zamani. Bilbao ikaanza kumega. Mwaka 1870 ilichukua sehemu, mwaka 1876 ukakamilishwa mpango wa mitaa mipya mipana iliyonyooka, na mwaka 1890 Abando kikafutwa chote kama kijiji kinachojitawala.

Pana mzaliwa mmoja wa Abando ambaye historia haikumsahau. Sabino Arana alizaliwa humo mwaka 1865, kabla kijiji hakijaguswa, akakua akiona mashamba yanageuka mitaa na Kibaski kinafifia masikioni mwake. Mwaka 1895 alianzisha chama cha uzalendo wa Kibaski, PNV, ambacho hadi leo ni nguvu kubwa ya siasa huko. Maandishi yake kuhusu wahamiaji yalijaa dharau, na wengi wa wafuasi wake wa leo hawayatetei. Hata hivyo, ni vigumu kuuelewa uchungu wake bila kujua kwamba alizaliwa mahali palipomezwa mbele ya macho yake.

Deusto ilikuwa upande wa pili wa mto na bado ilikuwa na pumzi. Wajesuiti walipoanzisha chuo chao mwaka 1886, walipata huko nafasi na utulivu ambao mji haukuwa nao. Mwaka 1916 wakaongeza shule ya biashara, ya mwanzo ya ngazi hiyo nchini Hispania, na watoto wa wenye viwanda wakawa wanavuka kwenda kusoma kijijini. Jina la Deusto likaanza kutajwa katika ofisi za benki na mahakama za Madrid. Kijiji kidogo kilikuwa na jina kubwa, na bustani za nyanya zilikuwa bado zinafika hadi majini.

Mwaka wa kufutwa

Septemba 1923 Jenerali Miguel Primo de Rivera alitwaa madaraka Hispania na kuvunja halmashauri zilizochaguliwa. Viongozi wa mji wa Bilbao, waliokuwa wakiutamani ukingo wa kulia wa Ría kwa miaka mingi, sasa hawakuwa na madiwani wa kubishana nao. Mwaka 1925 Deusto na Begoña vikaunganishwa na Bilbao, na Erandio kikaingizwa katika wimbi hilo hilo.

Begoña kiliingia na hazina ya aina yake, kanisa la Mama wa Begoña, msimamizi wa Bizkaia yote, ambaye wenyeji humwita kwa upendo Amatxu, yaani mama mpendwa. Timu ya soka ya Athletic ikitwaa kombe hadi leo hulipandisha huko kumshukuru. Kwa hiyo mji ulipata mlinzi wake wa mbinguni kutoka kijiji kimoja na chuo chake maarufu kutoka kijiji kingine.

Deusto nayo ilipoteza mhuri, bajeti na haki ya kusema hapana. Ikawa mtaa. Miaka iliyofuata ilikuwa mizito. Januari 1932 serikali ya Jamhuri mpya ya Hispania ililivunja shirika la Wajesuiti nchini, na chuo kikafungwa. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka. Oktoba ya mwaka huo aliyeapishwa Gernika kuwa rais wa kwanza wa serikali ya Wabaski alikuwa José Antonio Aguirre, mwanasheria aliyesomea Deusto. Desemba likafunguliwa Daraja la Deusto, la chuma, lenye mabawa mawili yanayoinuka kupisha meli kwa mtindo wa madaraja ya Chicago. Liliishi miezi sita tu. Juni 1937, jeshi la waasi la Jenerali Franco lilipokaribia, watetezi wa mji walililipua. Bilbao ilianguka tarehe 19 ya mwezi huo, na madarasa ya chuo yakageuzwa kambi ya wafungwa wa vita. Daraja lilikuja kurudishwa mwaka 1939.

Nyanya na mfereji

Kuunganishwa kwa kijiji na mji hutokea karatasini kwa siku moja. Udongo huchukua muda zaidi. Robo karne baada ya mwaka 1925 Deusto bado ilikuwa na wakulima. Bonde lake la ukingoni, lililorutubishwa kwa karne nyingi na tope la mto, lilisifika sokoni kwa nyanya zake, kiasi kwamba watu wa Deusto walibandikwa jina la tomateros, watu wa nyanya. Nyumba za shamba ziliuza txakoli, mvinyo mchachu wa kienyeji, kwa watu wa mjini waliotembea hadi huko siku za mapumziko.

Kilichoyamaliza haya ni mfereji. Ría ilikuwa na kona mbele ya Deusto, na wahandisi walitaka njia iliyonyooka pamoja na gati zaidi za meli. Mwaka 1950 uchimbaji ulianza katikati ya bustani. Mashamba yalitwaliwa na nyumba za shamba zikabomolewa. Mitambo ilichimba udongo ule ule ambao vizazi vilikuwa vimeuchambua kwa mikono. Wakati huo huo mitaa ya nyumba za wafanyakazi, kama San Ignacio, ilikuwa imeota upande wa kaskazini ili kuwapokea wahamiaji wapya. Watoto wa tomateros wakajikuta wachache katika mahali palipoitwa kwao.

Kazi ilisimama mwaka 1968 kabla ya mfereji kukamilika. Mita mia chache za nchi kavu ziliachwa upande mmoja, kwa hiyo meli iliyoingia ililazimika kutokea ilikoingilia. Na kufikia hapo meli kubwa hazikuhitaji tena kupanda hadi mjini, kwani bandari mpya ilikuwa inahamia kwenye mdomo wa mto, baharini. Bonde la nyanya lilitolewa kafara kwa njia ya maji isiyopitika upande wa pili. Ukitafuta hasara moja ya Deusto isiyo na fidia, ni hii.

Kipande kilichobaki kati ya mfereji na mto kiliitwa Zorrotzaurre, yaani mbele ya Zorrotza, mtaa ulio ng'ambo. Kilikuwa kimejaa viwanda. Kiwanda cha biskuti cha Artiach kiliajiri wanawake kwa mamia, na harufu ya vanila ilikuwa sehemu ya hewa ya mtaa. Karibu na hapo kampuni ya mikanda ya mashine ilijenga jengo lenye chui milia mkubwa juu ya paa, kazi ya mchongaji Joaquín Lucarini ya miaka ya 1940. Kampuni imekwisha, chui milia bado yuko juu akinguruma kimyakimya.

Ng'ambo ya mto, kwenye karakana ya meli ya Euskalduna, palisimama kreni kubwa nyekundu iitwayo Carola. Mtaani wanasimulia kwamba jina hilo ni la mwanamke mrembo wa Deusto aliyevuka mto kwa mashua kila siku kwenda kazini, na kila alipopita mafundi waliacha nyundo chini kumtazama. Inasemekana kuna aliyepiga hesabu akaona ingekuwa nafuu kwa kampuni kumlipia gari. Iwe kweli au porojo, kreni ipo hadi leo kwenye makumbusho ya bahari, na ndiyo mnara mkubwa kuliko yote aliowahi kujengewa mwanamke wa Deusto bila mtu kukusudia.

Maji yaliporudi

Miaka ya 1980 ilileta mapigo mfululizo. Tarehe 26 Agosti 1983, mji ukiwa katika sikukuu zake, mvua kubwa iliujaza mto hadi ukamwagika mitaani. Kiwanda cha biskuti kilizama, na baadaye kikahamia Orozko, mbali na Deusto. Mwaka uliofuata wafanyakazi wa Euskalduna walipambana na polisi kwa wiki nyingi juu ya Daraja la Deusto wakipinga kufungwa kwa karakana yao. Ilifungwa mwaka 1988. Matanuri makubwa ya chuma, yaliyokuwa kiini cha utajiri wote ule, yalizimwa mwaka 1996.

Kilichofuata ndicho ambacho dunia inakipigia makofi: Novemba 1995 treni ya chini ya ardhi iliyosanifiwa na Norman Foster, miaka miwili baadaye Guggenheim, na mwaka 2003 daraja la waenda kwa miguu linalounganisha chuo na jumba hilo. Daraja limepewa jina la Pedro Arrupe, mzaliwa wa Bilbao aliyekuwa mkuu wa Wajesuiti duniani. Ndiye aliyeanzisha, mwaka 1980, shirika la Kijesuiti la kuhudumia wakimbizi ambalo wakazi wa kambi ya Kakuma nchini Kenya wanalifahamu vyema.

Kisha zamu ikaifikia Zorrotzaurre. Msanifu Zaha Hadid alichora mpango wa kuifanya mtaa mpya wa makazi, shule na kazi za ubunifu. Mwaka 2018 kile kipande cha ardhi kilichoachwa mwaka 1968 kiliondolewa, maji yakapita, na rasi ikawa kisiwa. Wahandisi wanasema hatua hiyo inapunguza hatari ya mafuriko kama yale ya 1983. Mfereji ulikamilika miaka 50 baada ya kazi yake kusimamishwa, kwa sababu ambayo waliouanza hawakuifikiria. Wakazi wa zamani mia chache waliokuwa wamesahauliwa kati ya maghala sasa wamezungukwa na majengo mapya yenye mandhari ya mto.

Udongo wa jina

Turudi kwenye ile sheria ya mirathi. Bilbao ilirithi nyumba nzima. Ilipata uwanda wa Abando, kilima cha Begoña, na bonde na gati za Deusto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mji ulikuwa na watu zaidi ya 430,000, wengi wao wakiishi katika ardhi za vijiji vilivyofutwa. Vijiji vikaachiwa udongo wa jina: stesheni ya treni iitwayo Deustu, sikukuu ya San Pedro mwezi Juni, na utani wa nyanya.

Je, ingewezekana kuwa vinginevyo? Jibu liko kilomita chache kuteremka mto. Erandio, kilichomezwa wakati mmoja na Deusto, kilidai uhuru wake baada ya dikteta Franco kufa mwaka 1975, na mwaka 1983 kikarudi kuwa manispaa yenye meya wake. Mwaka huo huo vijiji vya Derio, Loiu, Sondika na Zamudio, vilivyokuwa vimenyakuliwa katika miaka ya 1960, navyo vilitapikwa na mji. Deusto haikurudi, kwani madaraja na nyumba zilikuwa zimeishona na Bilbao kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema mshono uko wapi.

Wako watakaosema hayo ni majuto ya wazee, kwamba kijiji kilipata barabara, shule, treni na mifereji ya maji machafu ambayo kisingeimudu peke yake. Ni kweli, na wakazi wa Deusto wa leo wasingekubali kuyarudisha. Lakini faida hizo zingeweza kuja bila kuvunja baraza. Kosa la mwaka 1925 ni kwamba hawakuulizwa, na kosa la mwaka 1950 lilizaliwa na lile la kwanza: kijiji chenye sauti yake kingekuwa na pa kuupingia mfereji uliomeza mashamba yake. Kijiji kilichogeuzwa mtaa kilipokea taarifa tu.

Kwa hiyo, msomaji, ukijaliwa kufika Bilbao, piga picha yako ya Guggenheim kwa raha zako. Ukimaliza, vuka kwa miguu daraja la Arrupe, upite kando ya chuo, uulize kanisa la San Pedro. Ukilifikia, usiharakishe kuingia. Simama kwanza mlangoni. Kijiji kilianzia hapo, nje ya kanisa.